Wodini kwa mara ya tatu: uchambuzi wa kisa cha moyo kushindwa kusukuma damu

Mwanamke wa miaka 56, mkazi wa Dar es Salaam, muuza samaki wa kukaanga, aliletwa hospitali usiku kwa bajaji, amekaa wima huku binti yake amemshikilia mabega, maana akilala hapati pumzi kabisa. Ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa ndani ya miezi saba, na mara zote tatu kwa tatizo lile lile: moyo umeshindwa kusukuma damu ya kutosha, maji yamejaa mwilini. Watoto wake wanamwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo. Kisa chake nimekiunganisha kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mmoja wa aina yake, na kila jambo linaloweza kumtambulisha mtu nimelibadilisha.

Kwenye karatasi ya kuruhusiwa ya mara ya pili kulikuwa na mstari huu: "Mgonjwa hafuati masharti. Ameelimishwa kuhusu chumvi na dawa." Sisi wauguzi wa kliniki za moyo tunaisoma sentensi ya namna hiyo mara kwa mara, na mimi nina ugomvi nayo. Inafunga uchunguzi mahali ambapo ungepaswa kuanza. Mgonjwa wa moyo akirudi wodini kuna kitu kimemrudisha, mara nyingi vitu viwili au vitatu kwa pamoja, na ukivitafuta unavipata. Kisa cha Bi Mkubwa ni cha kuvitafuta vitu hivyo.

Alivyofika

Presha 168/104. Mapigo ya moyo 112 kwa dakika. Alikuwa anahema mara 30 kwa dakika, na oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 86 kabla hajawekewa mashine. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama hata akiwa amekaa. Ukiweka kifaa cha kusikilizia mgongoni unasikia maji yakichemka kuanzia chini ya mapafu hadi katikati. Ini lilikuwa limevimba na linauma likiguswa. Miguu imevimba hadi magotini. Ukibonyeza kwa kidole gumba na kuachia, shimo linabaki. Kwenye mizani alikuwa na kilo 73.5. Kwenye kadi yake ya kliniki, wiki tano nyuma, alikuwa na kilo 66.

Kilo saba na nusu kwa wiki tano si unene. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mama huyu alikuwa amebeba kama ndoo ndogo ya maji ndani ya mwili wake, na sehemu ya maji hayo imo kwenye mapafu.

Binti alieleza mambo ambayo kila anayemuuguza mgonjwa wa namna hii angepaswa kuyajua. Mwezi uliopita mama alikuwa analalia mto mmoja. Ikawa miwili, ikawa mitatu, kisha akahamia kwenye kochi. Wiki ya mwisho alikuwa akishtuka usiku anatafuta hewa, anakwenda kufungua dirisha. Kikohozi kikavu kilimsumbua zaidi akilala kuliko akisimama. Jirani alisema ni kifua, apelekwe akapime TB. Si ushauri wa ovyo: TB ipo, nimonia ipo, na pumu ipo. Lakini kikohozi kinachokuja mtu akilala na kutulia akikaa, pamoja na miguu yote miwili kuvimba, kinaelekeza kwanza kwenye moyo.

Vipimo vilithibitisha. Picha ya kifua ilionyesha moyo mkubwa na maji kwenye mapafu. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha misuli ya chemba ya kushoto imenenepa, hali tunayoiona kwa watu waliokaa na presha miaka mingi. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha chemba hiyo imetanuka na inasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Moyo wenye afya husukuma kuanzia takribani asilimia 55. Kwenye damu, kreatinini, taka ambayo figo huitoa mwilini, ilikuwa 152 wakati miezi miwili kabla ilikuwa 98, maana yake figo zimeanza kulemewa. Potasiamu ilikuwa 5.5, juu kuliko inavyotakiwa. Hemoglobini 10.8, yaani damu imepungua.

Naomba msomaji aikumbuke hiyo kreatinini na potasiamu.

Ugonjwa wenyewe

Watu wengi wakisikia "moyo umeshindwa" wanadhani umesimama, na nimeona familia zikianza kulia palepale. Moyo haujasimama. Unapiga, lakini hausukumi damu inayotosha mahitaji ya mwili, au unaisukuma kwa kulazimisha shinikizo la juu mno ndani yake, na damu inarundikana nyuma: upande wa kushoto ukilemewa maji yanaingia kwenye mapafu, wa kulia ukilemewa yanakwenda kwenye ini, tumbo na miguu. Wapo pia wagonjwa ambao moyo wao unasukuma asilimia ya kawaida lakini misuli yake imekakamaa na haijai vizuri. Hao nao wanavimba na kukosa pumzi vilevile. Bi Mkubwa ni wa kundi la kwanza, la chini ya asilimia 40.

Kwake chanzo ni presha. Aliambiwa ana presha miaka 11 nyuma wakati wa ujauzito wake wa mwisho, akapewa vidonge, na alipojisikia vizuri akaviacha. Hapo anafanana na wengi wa kwetu. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, uliofuatilia wagonjwa 427 wa tatizo hili, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55 na presha ndiyo chanzo kikuu, karibu nusu yao. Utafiti mwingine wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006, ulipata picha hiyo hiyo: umri wa miaka 52 hivi, presha mbele, mishipa ya moyo iliyoziba nyuma kabisa. Ulaya mgonjwa wa namna hii kwa kawaida ameshastaafu. Huku kwetu ni mama anayesomesha, baba anayeendesha daladala. Anapoanguka, kipato cha nyumba kinaanguka naye.

Sasa, kwa nini moyo dhaifu ulete maji? Figo ndizo zinazoyashika. Damu ikifika kidogo kwenye figo, zenyewe hazijui kwamba shida ni moyo. Zinachukulia kwamba mwili umepoteza maji au damu, kwa hiyo zinaanzisha mfululizo wa homoni, renini, anjiotensini, aldosteroni, ili kubana mishipa na kuzuia chumvi na maji yasitoke na mkojo. Wakati huohuo adrenalini inapanda na kuuhimiza moyo uende mbio. Kwa mtu aliyejeruhiwa na kumwaga damu, hatua hizo zinaokoa maisha. Kwa Bi Mkubwa ni sawa na kumchapa punda aliyechoka huku unamwongezea magunia: atasogea hatua chache, kisha atalala chini. Dawa karibu zote zinazorefusha maisha ya wagonjwa hawa zinafanya kazi moja, kuzuia fimbo hiyo na kupunguza magunia.

Saa sita za kwanza

Alikalishwa wima miguu ikining'inia, akapewa oksijeni, akawekewa mpira wa mkojo ili kila kinachotoka kipimwe. Nyumbani alikuwa ameandikiwa furosemaidi, ile ambayo wengi wanaijua kama Lasix au "dawa ya kukojoa", miligramu 80 kwa siku. Mgonjwa aliyezoea dawa hii anaanzishwa kwa sindano ya mshipa yenye dozi sawa na ya siku nzima au mara mbili yake, kisha unaangalia mkojo. Si kesho asubuhi. Ndani ya saa sita. Tunategemea angalau mililita 100 hadi 150 kila saa.

Kwa sindano ya miligramu 80, Bi Mkubwa alitoa mililita 400 kwa saa sita. Haitoshi. Dozi ikarudufiwa hadi 160, na hapo mkojo ukafunguka.

Kavedilolo, dawa inayotuliza moyo, haikusimamishwa. Naligusa hili kwa sababu bado kuna wanaoikata mara mgonjwa anapolazwa. Isipokuwa presha imeanguka na mwili umepoa kwa kukosa damu, afadhali aendelee nayo kwa dozi aliyokuwa nayo. Mtu akiachishwa ghafla anarudi nyuma. Spironolaktoni, inayozuia ile homoni ya aldosteroni, ilisimamishwa kwa muda kwa sababu ya ile potasiamu ya 5.5 na figo zilizolemewa, na enalaprili, inayozuia anjiotensini, ikapunguzwa nusu huku kipimo cha damu kikirudiwa kila siku.

Lakini swali likabaki. Mgonjwa huyu kwa nini dawa ya kukojoa imegoma? Kwa nini presha imepanda wakati ameandikiwa dawa tatu zinazoishusha? Na kwa nini kreatinini na potasiamu vimeruka pamoja? Chumvi ya dagaa haielezi hayo yote. Chumvi inaleta maji na kupandisha presha, sawa. Haifanyi figo zianze kuchoka na potasiamu ipande kwa wiki chache.

Kopo la siagi

Asubuhi ya pili, mama akiwa anaweza kusema sentensi nzima bila kukata, nilimwomba binti alete dawa zote zilizopo nyumbani. Nilimwambia zote: za hospitali, za duka la dawa, za jirani, za mitishamba, za kuchua, hata zilizokwisha. Mgonjwa ukimuuliza "unatumia dawa gani" atakutajia zile ulizomwandikia wewe, kwa heshima. Dawa zenyewe ukiziona mezani zinasema mengine.

Alileta kopo tupu la siagi lenye mfuniko. Tukamimina kwenye meza ya kitanda. Enalaprili na kavedilolo zilikuwa zimeliwa karibu kama inavyotakiwa. Furosemaidi zilikuwa nyingi mno. Kwa tarehe ya kuchukuliwa dirishani, zingepaswa kuwa zimeisha wiki mbili nyuma, na pakiti tatu hazikuguswa. Chini kabisa kulikuwa na vibahasha vinne vya karatasi, vile vidogo vyeupe vya duka la dawa. Juu yake peni ya bluu imeandika "1x3". Hakuna jina la dawa, hakuna tarehe. Vitatu vilikuwa vitupu. Cha nne kilikuwa na vidonge saba, na mfamasia wetu alivitambua kwa alama zilizochapwa juu yake: diklofenaki.

Nikaanza na pakiti zisizoguswa, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo watu wanaogopa kugombezwa nalo.

"Mama, hakuna mtu anayemeza dawa zote kila siku bila kukosa. Hii ya kukojoa, wiki iliyopita ilikupita siku ngapi?"

Aliangalia dirishani kidogo. "Sista, nisikudanganye. Hiyo nameza Ijumaa."

"Ijumaa tu?"

"Ijumaa siendi sokoni. Siku nyingine ninatoka alfajiri kuchukua samaki Feri, nikirudi nakaanga, nauza mpaka saa nane mchana. Ile dawa nikiimeza asubuhi nakwenda chooni mara nne, mara tano. Choo chenyewe cha kulipia na kiko mbali. Nani anabaki na samaki?"

Hapo ndipo "hafuati masharti" inapokosa maana. Mama huyu alikuwa na masharti mawili yanayogombana, la dawa na la biashara inayolisha nyumba, na akachagua kwa akili zake timamu. Kwenye kila kikao cha elimu aliambiwa ameze asubuhi. Hakuna aliyemuuliza asubuhi yake ikoje. Nimewaona madereva wa masafa, walinzi, walimu, makonda, wote wakifanya hesabu hiyo hiyo kimyakimya. Wanawake wanaouza sokoni hali yao ni ngumu zaidi, kwa sababu mwanamume atajisitiri popote.

Dawa yake ni rahisi hadi inauma. Furosemaidi ya kumeza inaanza kazi ndani ya saa moja na inaisha baada ya kama saa sita. Hakuna sheria kwamba ni lazima iwe asubuhi. Inachotakiwa ni isimezwe karibu na usiku ikamkatisha mgonjwa usingizi. Tulimpangia saa tisa alasiri, akisharudi nyumbani. Kufika saa tatu usiku imemaliza kazi yake, analala.

Kisha nikashika vile vibahasha.

Magoti yalikuwa yakimuuma kwa miaka, kwa kuchuchumaa kwenye jiko la mkaa na kusimama na beseni. Tangu ugonjwa uanze, miguu nayo ikawa inavimba na kuuma kwa uzito wa maji. Kwake yeye yote ni maumivu ya miguu. Akaenda duka la dawa la mtaani, akasema miguu inauma na imevimba, akapewa vidonge vya maumivu na uvimbe, moja kutwa mara tatu. Hakuulizwa kama ana ugonjwa wa moyo, wala yeye hakuona sababu ya kusema.

Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni, indometasini, piroksikamu, zinatuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwa mtu mwenye moyo mzima, figo hazizitegemei sana. Kwa mgonjwa kama Bi Mkubwa, prostaglandini ndizo zinazoshikilia wazi mshipa unaoingiza damu kwenye figo wakati homoni nyingine zote zinaubana. Ukiziondoa, damu inayoingia inapungua. Figo zinashika chumvi na maji zaidi. Presha inapanda. Furosemaidi, hata ile ya sindano, inafanya kazi kwa shida. Na kama mgonjwa anatumia pia enalaprili, ambayo inalegeza mshipa unaotoka kwenye figo, shinikizo la kuchujia linaanguka pande zote mbili: kreatinini inapanda, potasiamu inabaki mwilini, na spironolaktoni inaiongezea juu yake. Kila namba iliyokuwa kwenye karatasi ya maabara ikawa imepata maelezo.

Na angalia mzunguko ulivyojifunga. Miguu imevimba kwa sababu ya moyo. Anameza diklofenaki kwa ajili ya uvimbe. Diklofenaki inaleta maji zaidi. Miguu inavimba zaidi, inauma zaidi. Anarudi dukani kuchukua bahasha nyingine. Vibahasha vinne kwenye kopo moja, na kwenye faili tunasoma kwamba ameelimishwa kuhusu chumvi.

Chumvi, na binti aliyelaumiwa

Tangu alazwe mara ya kwanza, binti yake alikuwa akimpikia bila chumvi hata chembe. Mama akawa hali. Wali anasukuma, mchicha anasukuma, anashiba uji. Mikono ilikuwa imekonda huku miguu imejaa maji, na mizani, ikijumlisha vyote viwili, ilikuwa inaficha kukonda huko. Na kila aliporudi wodini, binti ndiye aliyeulizwa kwanza anampikia nini. Alikuwa amechoka kuulizwa.

Chumvi ina nafasi yake kwenye ugonjwa huu, sikatai. Ng'onda, papa mkavu, dagaa waliotiwa chumvi, viungo vya unga vya kwenye pakiti, vyote vinaweza kumjaza mtu maji kwa siku mbili. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima yeyote ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai bapa, kwa chakula chote. Ila tusiifanye chumvi ibebe kila kosa. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliolinganisha wagonjwa wa moyo waliobanwa sana chumvi na waliopewa ushauri wa kawaida. Waliobanwa hawakupungukiwa vifo wala kulazwa, ingawa walijisikia nafuu kiasi. Kwa Bi Mkubwa tuliruhusu chumvi kidogo ya kupikia, tukaondoa samaki wa chumvi na viungo vya pakiti, na ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vikafanya kazi iliyobaki. Akaanza kula. Mtu anayekula anapata nguvu ya kutembea, na kutembea ni sehemu ya matibabu.

Maji ya kunywa tulimwekea kikomo cha lita moja na nusu kwa wiki za mwanzo tu, wakati sodiamu yake iko chini. Jua la Dar na jiko la mkaa vinakausha. Kumbana milele kungekuwa mateso yasiyo na faida.

Kuruhusiwa ndipo kazi inapoanza

Alitoka na kilo 65. Huo tukauita uzito wake mkavu na kuuandika kwa kalamu nzito juu ya kadi. Mizani nyumbani hakuwa nayo. Mtoto wa kiume akanunua ya bafuni. Kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, akiwa na khanga ile ile, anapima na kuandika kwenye daftari. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hasubiri tarehe ya kliniki: anapiga simu au anakuja. Kwa wale wasioweza kununua mizani huwa nawaambia waangalie mikanda ya kandambili inavyochora mguu, fundo la khanga linavyobana kiunoni, na idadi ya mito. Mto ukiongezeka, njoo.

Kwa magoti: parasetamoli, na si ile ya kuyeyushwa kwenye maji, ambayo ina chumvi nyingi ya sodiamu, mazoezi ya kunyoosha paja akiwa amekaa, na kigoda cha kukalia jikoni badala ya kuchuchumaa. Maumivu yalipungua sana maji yalipotoka, jambo lililomshangaza yeye kuliko sisi. Tulimwandikia pia kikaratasi cha kuonyesha kwenye duka lolote la dawa: ana ugonjwa wa moyo, asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala dawa yoyote ya jamii hiyo, ya kumeza au ya sindano. Kinakaa kwenye pochi pamoja na hela za samaki. Binafsi naona kila mgonjwa wa moyo na wa figo angepaswa kuwa nacho, na kwamba muuza dawa akiuliza swali moja tu, "una presha, moyo au figo?", atazuia vitanda vingi kujaa.

Alirudi kliniki baada ya siku sita, kisha wiki ya pili, ya tatu na ya sita. Ratiba hii ya karibu ina sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha nchi 14, ulionyesha kwamba wagonjwa waliopandishiwa dozi haraka na kuonwa mara kwa mara baada ya kutoka hospitali walikufa au kulazwa tena asilimia 15 ndani ya miezi sita, wakati wenzao wa utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 23. Tarehe ya "rudi baada ya miezi mitatu" ni ndefu mno kwa mtu aliyetoka wodini jana.

Wiki moja bila diklofenaki, kreatinini ikawa 109 na potasiamu 4.6. Spironolaktoni ikarudishwa, miligramu 25. Enalaprili ikapanda taratibu hadi 10 mara mbili kwa siku. Kavedilolo ikatoka 6.25 mara mbili kwa siku, ikafika 12.5, na baadaye 25. Tulimweleza mapema kwamba kila kavedilolo inapopanda anaweza kujisikia mzito kwa siku chache, la sivyo angeiacha mwenyewe. Dawa ya nne, dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya kisukari na tangu mwaka 2019 ikathibitika kupunguza vifo na kulazwa kwa wagonjwa wa moyo hata wasio na kisukari, ilichelewa miezi miwili kwa sababu ya bei. Watoto walipanga mchango, kila mmoja mwezi wake. Ilipobidi tuchague kipi kisikosekane fedha ikipungua, tuliwaambia wazi: hizo tatu za kwanza zina bei nafuu na zina ushahidi wa miaka mingi, zisikatike hata siku moja kwa ajili ya kungoja ya nne.

Upungufu wa damu ulitokana na madini ya chuma kupungua, na ukatibiwa. Sokoni alirudi baada ya wiki saba, kwa nusu siku kwanza, na mpwa wake ndiye anayekwenda Feri kubeba beseni.

Miezi sita baadaye eko ilirudiwa. Chemba ya kushoto ilikuwa imepungua ukubwa na inasukuma asilimia 41. Hakuwa amelazwa tena. Analalia mto mmoja.

Binti yake, akiwa na karatasi ya eko mkononi, aliuliza swali ambalo karibu kila familia huliuliza siku hiyo: "Sasa sista, si amepona? Dawa tuanze kupunguza?" Mama mwenyewe alikuwa ameshakubaliana naye kabla hawajaingia chumbani.

Jibu ni hapana, na lina ushahidi wake. Wapo wagonjwa ambao moyo wao uliotanuka ulirudi hadi kiwango cha kawaida, juu zaidi ya hapa alipofika Bi Mkubwa, wakaachishwa dawa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari huko Uingereza. Ndani ya miezi sita ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 44 yao. Moyo wake unasukuma asilimia 41 kwa sababu anameza dawa, na utaendelea hivyo akiendelea kuzimeza. Kinachoweza kupunguzwa ni furosemaidi, kwa kuwa hiyo inatoa maji tu, haiutengenezi moyo, na uzito wake umekaa kwenye kilo 66 kwa miezi minne. Daktari aliishusha hadi miligramu 40, saa tisa alasiri, kwa sharti kwamba daftari la uzito liendelee na kipimo cha figo na potasiamu kirudiwe baada ya wiki mbili. Alichukua fomu ya maabara, akauliza kama siku hiyo inaweza kuwa Ijumaa, tukamwandikia Ijumaa.